Macho Niliyomupa Mulenga

Nchelenge, Jumamosi, siku ya posho, muchana, 1977

Mwanangu Masengo,

Umeenda Kashikishi kuagana na wasichana wa shule, na umesema utarudi kabla jua halijashuka. Jua lenyewe leo sijaliona. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, siwezi kuchapa hata foto moja, na mikono yangu haijui ifanye nini. Ndiyo maana nimeketi kwenye meza ya kukatia karatasi, namwandikia mutu ambaye ataingia kwa mulango huu baada ya saa mbili ao tatu.

Habari ya bulanketi, habari ya kufunga sanduku kwa kamba, habari ya kutolala ukifika Mansa na vitu vyako viko juu ya basi, hizo nitakuambia kwa mudomo na utachoka kunisikia. Hapa naandika kitu kimoja ambacho mudomo umekishindwa. Nimejaribu. Juzi ulipokuwa unapara samaki, nilikuja nikasimama nyuma yako. Ukageuka ukaniuliza, "Mayo, kuna nini?" Nikasema natafuta kisu. Kisu kilikuwa mukononi mwako.

Unaenda Ndola kufanya kazi ndani ya chumba cha foto cha watu wa kuchapa magazeti. Barua yao inasema utasaidia "kutengeneza picha". Nimesoma maneno hayo mara nyingi. Nilifurahi, na halafu nikaogopa, kwa sababu kazi ile naijua, na kuna siku moja ya kazi ile ambayo sijakuambia.

Mimi nilijifunza Elisabethville, kule Kongo, mbele wewe hujazaliwa. Niliingia kwa studio ya muzungu mumoja kama mufagiaji. Alikuwa muzee wa linete, miwani ile nene, mikono imeanza kutetemeka, na siku moja alinikuta nachora majani kwenye vumbi la dirisha. Hakunikaripia. Akanipa kreyo, kalamu ya risasi, iliyochongwa kama sindano na negatifu ya bibi fulani wa muji, akasema, "Jaza mikunjo." Nikatafuta mikunjo usoni, nikakuta ni mistari myeupe, inapitisha nuru kama kioo, maana kwenye negatifu kila kitu kimegeuka: nywele ni nyeupe, meno ni meusi. Akanionyesha namna ya kupaka risasi ya kreyo kidogo kidogo ndani ya mustari mupaka ufanane na ngozi ya kando yake. Tulipochapa, mikunjo haikuwapo. Bibi yule alikuja kuchukua foto, akajiangalia, akasema tumemusafisha vizuri.

Hatukumusafisha. Tulimupaka uchafu mudogo pahali palipokuwa wazi. Siku ile nilicheka na muzee akacheka, na nikaona nimeingia katika kazi ya werevu.

Maneno yote ya kazi yetu yako hivyo, na wewe unayajua, kwa sababu nilikufundisha tangu kichwa chako kilipofika usawa wa meza. Tunasema tunauongezea uso mwanga, kumbe tumeweka kipande cha karatasi kwenye waya na tunaukingia uso usipate mwanga. Tunasema tunafufua foto ya zamani, kumbe tunaipiga foto nyingine na kuchora yaliyopotea kwa kukisia. Tunasema tunamufuta mutu. Hakuna kufuta, Masengo. Ukimutoa mutu, pale aliposimama hapabaki bure. Lazima uweke ukuta, ao majani, ao anga, na ukuta ule lazima umeutoa pahali. Hilo la mwisho sikukufundisha sawasawa. Nilikuonyesha namna ya kukata na kubandika, lakini sikukuambia uulize kipande kimetoka wapi.

Sasa nisikilize.

Unajua tulivuka ziwa wakati wa fujo za kule ng'ambo, wewe ukiwa na miaka miwili. Baba yako alisema tutangulie, yeye atafuata na sanduku la vyombo vya kazi. Sanduku lilifika. Mutu wa mashua alilishusha kwenye muchanga, nikamuuliza mwenyewe yuko wapi, akasema alipewa sanduku tu. Mupaka leo sijui zaidi ya hapo. Kamera, lenzi na mabakuli vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya mashati yake.

Kwa vyombo vile nilifungua studio hapa karibu na soko. Umeme haukuwapo, kwa hiyo nilitoboa ukuta wa chumba cheusi upande wa mashariki, nikaweka kioo nje ili kirushe jua ndani, lipite kwenye lenzi mupaka kwenye karatasi. Unakumbuka kazi yako ilikuwa kugeuza kioo jua likisogea. Nje niliweka ubao wa rangi nyekundu: Tunasafisha nyuso, tunaunganisha waliotengana. Watu wakaanza kuniita Mama Foto. Walikuwa watu wema, lakini jina langu halikuwa na mutu wa kuliita. Sokoni walisema nami Kiswahili cha bei, basi. Wakimaliza kununua ao kuuza walirudi kwenye Kibemba chao, na mimi nilirudi ndani. Nilikuwa na wewe. Ukiuliza kwa nini nilikushika sana, jibu ni hilo.

Ulikuwa na miaka sita ilipokuja surua mbaya. Asubuhi moja waliingia baba na mama kutoka kisiwa cha Kilwa, hapa hapa ziwani, wametoka hospitali ya misheni, wanaelekea mashua. Mama amebeba mutoto amefunikwa kitenge. Mutoto alikuwa amekufa. Jina lake Mulenga, musichana wa miaka yako, na hawakuwa na foto yake hata moja. Nilitandika mukeka karibu na mulango, wakamulaza, nikamupiga foto. Mwanga ulimuangukia kutoka kuume. Alikuwa mutoto wa uso wa mviringo, mutulivu, na ningeacha hapo, ile foto ingekuwa nzuri.

Baba yake akasema, "Mama Foto, sitaki foto ya kulala. Kulala nimekwisha kuona. Unaweza kumufungua macho?"

Mama yake, Bana Mulenga, alikuwa amepiga magoti kando ya mukeka. Alikuwa anaufunga mudomo wa mutoto kwa kidole, taratibu, kwa sababu ulikuwa unafunguka.

Ningeweza kusema hapana. Lakini ubao wangu ulikuwa nje pale, na mwanamume yule alikuwa ananiangalia kama mutu anayemwangalia munganga. Nikasema, "Naweza. Rudini juma lijalo."

Kwanza nilijaribu kuchora. Nilinakili ile negatifu, nikakwangua kwa ncha ya wembe pale mboni inapotakiwa kuwa nyeusi, nikajaza kreyo pale pa weupe. Nilipochapa, mutoto alikuwa na macho ya samaki aliyelala sokoni siku mbili. Nikatupa. Nikajaribu tena, nikatupa. Siku zikabaki mbili. Ndani ya bati la biskuti kulikuwa na negatifu yako, ile ya gauni ya kola nyeupe, umeketi kwenye benchi unaniangalia.

Nilichapa uso wako kwa kipimo kile kile cha uso wake. Mwanga wako ulitoka dirishani, upande wa kushoto, na wake ulitoka kuume, kwa hiyo macho yako yangeonekana ya kuazima. Nikageuza negatifu yako, mbele nyuma, nikachapa tena, na sasa mwanga ukalingana. Nikachukua wembe. Nilikata kuzunguka jicho moja, halafu la pili. Wewe ulikuwa nje unaruka kamba na watoto wa jirani, unahesabu kwa Kibemba, na kila mara ulipokosea na kunyamaza mukono wangu ulisimama mupaka nikusikie tena. Nadhani pale mwili wangu ulijua nafanya kitu kibaya, lakini kichwa kilikuwa kinafurahia namna kazi inavyotoka vizuri.

Nilisugua kingo kwa nyuma na karatasi ya musasa mupaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikabandika juu ya kope za Mulenga. Nikapitisha brashi penye mushono. Halafu nikaipiga foto ile foto, na negatifu mupya ilikuwa laini, haina gundi, haina alama ya wembe, kama vile mutoto aliketi mbele ya kamera siku moja akiwa muzima. Huko Ndola watakuonyesha namna nyingine, nzuri kuliko yangu, lakini mwisho wake ni huo huo: ukikipiga foto kitu ulichokiunganisha, mushono unapotea, na hata wewe mwenyewe ukikaa siku nyingi unaanza kuamini.

Waliporudi, baba yake aliishika foto kwa mikono miwili akacheka na kulia pamoja. "Ona," alimwambia mukewe, "anatuangalia." Bana Mulenga aliichukua akaiangalia muda murefu. Akashukuru kwa Kibemba, "Natotela, mukwai," akaifunga ndani ya kitenge. Nilifikiri amejawa na furaha. Nilijisifu siku ile, Masengo. Nilikununulia soda.

Miaka mitatu ikapita. Bana Mulenga akawa mujane katika miaka ile. Ziwa lilimuchukua mume wake wakati wa upepo. Siku moja alikuja peke yake kupiga foto ya kitambulisho. Alikuwa amesimama mbele ya kile kioo cha wateja, anachana nywele, na wewe ukaingia kutoka shule ukasimama nyuma yake kunywa maji. Nikaona mukono wenye chanuo umesimama hewani.

"Mama Foto," akasema, "huyu mutoto nyuma yangu ni wako?"

"Ni wangu."

"Nimemuona sokoni mara nyingi." Akageuka akakuangalia, akatikisa kichwa. Akarudi kwenye kioo akakuangalia humo. "Hapa ndani ni macho ya ile foto. Hata kope hii iliyolala. Nikigeuka siyo, nikiangalia kioo ndiyo."

Unajua kope ya jicho lako la kushoto inashuka kidogo. Mimi niligeuza negatifu, kwa hiyo kwenye foto ya Mulenga inashuka upande wa pili, na pahali pekee ambapo mutu angekuona hivyo ni ndani ya kioo. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Uliyatoa kwake?" akaniuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira.

Nikasema, "Hapana. Macho ya watoto yanafanana. Keti, wingu linakuja."

Akaketi. Nilimupiga mara mbili, na mara zote mbili hakuangalia kamera. Aliangalia pembeni, pale ulipokuwa.

Yaliyofuata unayakumbuka, lakini kwa upande wako tu. Unakumbuka mama wa Kilwa aliyekuja na chisense, dagaa wa hapa, na siku nyingine samaki anayeitwa pale, wa kukaushwa, amefungwa ndani ya majani, anasema ni wako. Unakumbuka alikukalisha kwenye benchi akasema, "Niangalie kidogo tu, mayo," maana hapa hata musichana mudogo anaitwa mama, na wewe ulicheka ukamukodolea. Ulimupenda. Hukuwa na bibi hapa wala shangazi, na alijua kusuka. Nilikuwa ndani, nawasikia, na sikuweza kufanya kazi.

Siku aliyoomba uende kisiwani likizo ya shule, nilimutoa nje, wewe nikakufungia ndani. Nilimwambia, "Mutoto wangu si foto. Nenda ukatafute wako."

Nilisema hivyo kwa mwanamuke aliyezika. Maneno yale niliyatoa mimi, hayakuponyoka. Aliweka kikapu chini polepole, kama mutu aliyepigwa na bado hajajua ameumia wapi. Halafu akaenda. Samaki niliwapa majirani. Wewe nilikuambia amehamia ng'ambo, Kongo, na ulimulilia siku mbili. Hakuhama. Kwa miaka tisa aliuza upande mwingine wa soko, akipanda mashua ya mapema ili asipite mbele yetu, na mimi nilimuona mara nyingi na kugeuza uso.

Sikuogopa kwamba atakuiba. Niliogopa atakuambia, na wewe utaniangalia kwa namna nyingine. Na zaidi ya hapo, kuna kitu cha aibu: sikutaka kugawa. Nilikuwa na mutu mumoja tu upande huu wa maji.

Mwezi uliopita ulikwenda Mansa kutafuta karatasi zako, ukakaa siku nne. Hukuwahi kulala nje kabla ya hapo. Siku ya kwanza nilifagia. Siku ya pili nilipika ugali wa watu wawili, nikakaa mbele yake mupaka ukapoa. Nilisema neno moja kwa sauti, "Masengo," kusikia tu kama nyumba italijibu, na nikaona niko kama wale wazee wanaosema peke yao sokoni. Siku ya tatu nilitoa negatifu zako zote, tangu uko mutoto, nikazipanga kwenye kioo cha dirisha, nikakuangalia moja moja, nywele nyeupe na uso mweusi wa kugeuzwa. Nilikaa hapo saa nyingi. Kulikuwa na jua zuri na sikuchapa kitu. Ndipo nilijua mwanamuke yule alikuwa anatafuta nini kwenye benchi yangu. Alikuwa anataka kuangaliwa, kidogo tu.

Siku ya nne nilichapa ile negatifu ya kwanza, ya Mulenga amelala. Nilikuwa nimeiweka, sijui kwa nini. Nikapanda mashua ya Kilwa. Nilitapika njia nzima, wewe unajua mimi na maji.

Nyumba yake iko juu kidogo ya pahali wanapoanika chisense. Alikuwa anafukuza kuku. Aliponiona hakushangaa, akaniletea kiti, akasema, "Umekonda, Mama Foto." Foto ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya mbao, imefifia kidogo upande wa jua. Macho yako yaliniangalia kutoka mule. Nikageuza kiti.

Nikasema, "Ni ya Masengo. Nilikudanganya. Niliyakata kwa foto yake nikayageuza."

Aliinua macho ukutani. Halafu akasema, "Kwamba si ya Mulenga nilijua siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza?"

"Mulenga alikuwa na macho madogo, ya baba yake. Nilimunyonyesha miaka miwili, unafikiri sijui macho yake?"

"Sasa kwa nini uliichukua? Kwa nini hukunirudishia?"

"Baba yake alikuwa anacheka," akasema. "Tangu hospitali hakuwa amecheka. Ningemwambia nini? Alikufa anaamini. Nikasema, vizuri."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuja na samaki, kama alijua kwamba huyu wa ukutani si Mulenga na wewe si Mulenga.

Alikuwa anavunja kijiti vipande vipande. "Kwa sababu niliogopa," akasema. "Kila mutu alikupelekea watoto wake uwapige foto mwaka ule wa surua. Nikafikiri, macho haya ameyatoa kwa mutoto mwingine aliyekufa. Nikafikiri kuna mama fulani, pengine ng'ambo, ana foto ya mutoto asiye na macho, na macho yenyewe yako ukutani kwangu. Nilikuwa siwezi kulala nayo na siwezi kuitoa. Siku ile kwenye kioo nilimuona musichana wako, nikasema, Mungu asifiwe, mwenyewe ni muzima, anakunywa maji. Na wewe ukasema hapana."

"Ukaniamini?"

"Nilitaka kuhakikisha. Ndiyo maana nilikuja na kuja. Nilitaka aniangalie tu, nijue. Nilipokaribia kujua, ukanifukuza."

Miaka tisa, Masengo. Neno langu moja, hapana, nililolisema kwa sababu wingu lilikuwa linakuja na nilikuwa na aibu, lilimuweka mwanamuke yule miaka tisa ndani ya nyumba moja na mutoto aliyekufa wa mutu mwingine, mutoto ambaye hakuwapo duniani. Nilifikiri kosa langu lilikuwa ule wembe. Wembe unaweza kusamehewa, nilifanya kwa ujinga na baba yule alipata kicheko chake. Lakini aliponiuliza nilikuwa na jibu, na nilimunyima.

Nilimupa foto ya Mulenga amelala. Aliishika karibu na mulango, kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye kope zilizofungwa. "Huyu ndiye," akasema. Hakulia, mimi ndiye nililia, na alinipa upande wa kitenge chake kujifuta. Ile ya ukutani hakuitoa. Alisema watoto wa dada yake wanaisalimia asubuhi, na hataki kuwaeleza bado.

Halafu akaomba kitu. Anataka foto yako, ya sasa, uso wako wote, haijageuzwa. Nilikuwa nayo ndani ya mufuko, ile uliyopiga kwa ajili ya karatasi za Ndola. Sikumupa. Sikunyima kwa wivu safari hii. Nilimwambia, "Mara ya kwanza nilimutoa bila kumuuliza. Sasa atajibu mwenyewe." Akasema ni haki, na kwamba hana haraka.

Kwa hiyo nakuuliza. Negatifu ya foto hiyo iko ndani ya bahasha hii, pamoja na barua. Ukitaka apate, iache juu ya meza, ao uirudishe siku yoyote kutoka Ndola. Ukiona ni vibaya, ichukue uende nayo, ao ichome, na sitakuuliza tena. Una haki ya kukasirika, hata njia yote mupaka Ndola. Nimekaa na jambo hili muda murefu kuliko wewe, usijilazimishe kulimaliza leo.

Kuhusu kazi, sina mengi. Siku moja mukubwa wa chumba kile atakuletea foto akuambie, toa huyu, weka yule, fumbua hiki. Utafanya, kwa sababu ni kazi na mikono yako ni mizuri kuliko yangu. Mimi nilifanya kwa watu wengi na wengine walifurahi kweli, siwezi kusema ilikuwa mbaya yote. Ila ujue kila kipande kilitoka kwa nani. Uandike nyuma ya karatasi kama unaweza. Na akija mutu mbele yako, ameshika ile foto, akuulize, umujibu. Nilijua kufanya yote mengine, hilo peke yake nilishindwa.

Nasikia wanawake wanakusanya chisense haraka, mvua imefika kwenye matete. Utarudi umelowana, na tutagombana juu ya viatu. Bahasha nitaiweka juu kabisa ndani ya sanduku, juu ya gauni ya bluu, uione utakapofungua kuweka vya mwisho. Usiisome mbele yangu. Ingia kwenye chumba cheusi, ufunge, ukae muda unaoutaka. Mimi nitakuwa jikoni.

Kuanzia kesho hakutakuwa na mutu wa kusema nami Kiswahili ndani ya nyumba hii, hata wa kunijibu kwa Kibemba kama unavyofanya wewe. Sikuandikii ili ubaki. Panda basi, usigeuke sana, shingo itakuuma. Ila kuna jambo la mwisho, na ningependa ulisikie kutoka kwangu na mapema. Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, Bana Mulenga atakuja sokoni, na mashua yao hairudi siku ile ile. Nimemwambia alale hapa. Kitanda kingine hatuna, Masengo. Atalala kwenye chako.

Mama yako